Kopo la Mbegu za Maua

Kila asubuhi ya likizo, Chiriku alipepeta mbegu za mchicha. Jina hilo alipewa na bibi yake, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Nyuma ya nyumba walilima mchicha wa nafaka, ambao mbegu zake hupikiwa uji. Langoni bibi alipanda mchicha wa maua, wenye mashungi mekundu yaliyoning'inia kama damu inayodondoka. Mbegu zote zilikuwa ndogo kama mchanga, ila zile za maua bibi alizipaka dawa ya wadudu ya rangi ya waridi, akazifungia kwenye kopo juu ya kabati.

"Pepetea nyuma ya ukuta," mama alimwonya siku moja. "Mbegu hizi ni nyepesi kuliko ahadi za mjomba wako."

Chiriku alicheka, akabeba ungo hadi barabarani, rafiki zake walikokuwa wakiruka kamba. Upepo ulivuma mara moja tu. Ungo ukabaki mtupu.

Akanyata ndani, akashusha kopo la bibi. Aliziosha mbegu zile uani, maji baada ya maji, mpaka rangi yote ikatoka.

"Kumbe umeziosha kabisa!" mama alisema akizitia chunguni. "Leo umeamka na akili."

Chiriku akageuka kutazama nje. Uani, jogoo alikuwa akidonoa punje zilizomwagika na maji. Ghafla shingo yake ikapinda. Akatembea upande upande kama mlevi, akaanguka, akapiga bawa moja, akatulia. Nzi wakaanza kutua.

"Wewe, mbona kimya?" bibi alimtania kutoka ukumbini. "Umemeza ulimi?"

Chungu kilitokota. Kitumbo, mdogo wake asiyejua kushiba, aligonga meza kwa kijiko. "Uji! Uji!" Mama akamimina, akaupuliza, akampa kikombe. Chiriku aliiona fimbo ya bibi pembeni ya mlango. Kisha akayaona macho ya jogoo, wazi, yamejaa vumbi. Kikombe kikagusa midomo ya Kitumbo.

"Mama, asinywe! Ni mbegu za bibi! Nimeziosha mimi!"

Mama alikipiga kikombe kikaruka hadi ukutani. Kitumbo akaangua kilio, na siku hiyo hakuna aliyemwambia anyamaze. Mama alimsukutua kinywa kwa maji tele, akamkimbiza kwa mganga wa zahanati. Walirudi jioni, Kitumbo mzima, akidai chakula.

Bibi alikuwa amechimba shimo refu, akazika uji, chungu na jogoo wake. Fimbo haikuguswa. Alimketisha Chiriku kando yake.

"Mjukuu wangu, maji yaliondoa rangi, sumu ikabaki. Kopo nitalifungia kwa kufuli, hilo ni kosa langu. La kwako ni kuficha. Ungesema mapema mbegu zimepeperuka, tungeshinda na njaa, tukakucheka, yakaisha. Ungechelewa kidogo tu, shimo hili nisingemchimbia jogoo."