Kitambaa Usoni mwa Kompyuta

Fundi cherehani alipika chai ya watu wawili, kisha akakumbuka. Mkewe alikuwa amefariki miezi saba iliyopita, lakini mkono ulikuwa bado haujazoea. Akakimwaga kikombe cha pili, akaketi mbele ya kompyuta.

Kila Jumamosi binti yake, aliyefanya kazi ng'ambo, alimwandikia barua pepe. Barua tatu zilikuwa hazijasomwa. Pembeni mwa ukurasa palikuwa na tangazo: "Kiti cha magurudumu bado kinakusubiri!" Mkewe alipokuwa mgonjwa, fundi alikitafuta kiti hicho mtandaoni mara moja tu. Tangu hapo tangazo lilimng'ang'ania kama kupe.

Mwenye mkasi hakosi la kufanya. Alikata kipande cha kitambaa cheusi, akakibandika upande ule wa kioo. Tangazo likahamia upande wa pili. Akabandika kingine. Likaibuka katikati, juu ya barua, na kompyuta ikakwama. Fundi akainama akalia.

Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yake, fundi simu ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Nyaya. Alileta suruali ya kupunguzwa.

"Shemeji! Siku hizi unazishonea nguo hadi kompyuta?"

"Inanichokoza. Inajua nilikuwa na mgonjwa. Haijui kwamba nimemzika."

Mama Nyaya aliacha kucheka, akavuta kiti, akaiwasha kompyuta upya.

"Haina habari na msiba wako, shemeji. Kurasa nyingi zina vifuatiliaji. Vinakumbuka ulichotafuta, vinawapasha habari wenye matangazo. Tena ndivyo vinavyoilemea kompyuta."

"Sasa dawa yake nini?"

"Kiendelezi. Ni programu ndogo unayoiongeza kwenye kivinjari, yaani hicho unachofungulia kurasa. Inazuia matangazo na vifuatiliaji. Chagua chepesi, maana kompyuta yako imezeeka kama sisi."

"Hapa pameandikwa 'Zuia matangazo bure.' Nibonyeze?"

"Thubutu! Hilo nalo ni tangazo. Ingia duka la viendelezi la kivinjari chenyewe. Soma nani amekitengeneza na kinaomba ruhusa gani. Ukurasa ukigoma kufunguka vizuri, unakizima kwa ukurasa huo tu."

Fundi alibonyeza mwenyewe, taratibu. Safari hii ukurasa ulifunguka haraka, pembeni peupe. Akabandua vitambaa vyake. Badala ya furaha, ikamjia huzuni asiyoitegemea.

"Ajabu," alisema. "Lile tangazo tu ndilo lililokuwa bado linamuulizia."

Mama Nyaya alimgusa bega, akaiacha suruali mezani, akaenda zake.

Fundi akafungua barua ya kwanza.

"Baba, umenyamaza. Huku hakuna aliyemjua Mama. Nikitaka kumzungumzia, nina wewe tu. Nisimulie lolote."

Aliisoma mara mbili. Kisha akaanza kuandika, kwa kidole kimoja: "Mwanangu, leo nimepika tena chai ya watu wawili."