Mdudu wa Jino la Mwanvua

Kila asubuhi pale Kasongo, Feza, mke mdogo, alichutama nyuma ya nyumba akisugua meno kwa mswaki. Meno yake yalikuwa meupe. Mume wao, Sumaili, akimwona anacheka, naye anacheka. Mwanvua, mke mkubwa, aliyaona hayo kutoka jikoni. Roho ikamwuma.

Na jino nalo lilimwuma. Lilikuwa na shimo. Ufizi ulivimba, ukatoa damu. Tangu damu ianze, aliacha kabisa kusugua meno. Aliogopa kuongeza kidonda.

Akamwita fundi wa dawa za kienyeji. Fundi akaweka jiwe la moto katika beseni yenye maji kidogo. Akanyunyiza mbegu juu ya jiwe, moshi ukatoka. Mwanvua akainama, kinywa wazi, kitambaa kichwani. Baadaye wakatazama majini. Kulikuwa na vitu vidogo vyeupe.

"Ni mududu wa jino huyu," fundi akasema. "Kuko mutu amekutumia."

"Sikuulizi jina!" Mwanvua akasema. "Mwenye meno mazuri mu nyumba hii ni mumoja tu."

Jioni akamkabili mume wake.

"Sumaili, chagua. Ao mimi, ao huyu mutoto wa kule Wamaza. Kesho arudi kwao!"

Sumaili alikuna kichwa, akatoka nje. Feza akalia, akafunga nguo zake.

Asubuhi akaenda kumuaga jirani, Mama Rosine, anayetibu watu kwenye kituo cha afya. Rosine akasikiliza, akamshika mkono, akamrudisha kwa Mwanvua.

"Mama, mbegu za fundi zimebaki?"

"Zimebaki."

"Basi tuzichome. Lakini leo mutu asiiname."

Wakachoma. Vile vitu vidogo vyeupe vikaonekana tena majini.

"Sasa, hivi vimetoka mu meno ya nani?" Rosine akauliza. "Ya jiwe?"

Mwanvua akachungulia beseni.

"Ni viini vya mbegu. Moto unapasua ganda, vinarukia majini."

"Lakini wazee wanasema mududu wa jino!"

"Waliona shimo, wakafikiri mududu amekula, kama kwenye hindi. Damu ya ufizi nayo wakaiita kiseyeye. Majina ni ya zamani, maumivu ni ya kweli. Chakula kinabaki kwenye meno, uchafu unaganda. Ufizi unavimba, na sukari inasaidia kutoboa jino. Ukiacha kusugua, uchafu unazidi."

"Na damu?"

"Sugua polepole, asubuhi na kabla ya kulala. Itapungua. Lakini jino lenye shimo, nenda hospitali. Moshi hauzibi shimo."

Mwanvua akamgeukia Feza. Akamtazama sana.

"Nilitaka kosa liwe lako," akasema.

"Najua, yaya, dada yangu."

"Usifikiri nimekupenda!"

"Sikuomba unipende. Naomba tu usinifukuze."

Mwanvua akamwita Sumaili. "Feza abaki. Hana kosa."

Hospitalini wakang'oa lile jino bovu, wakamkwangua uchafu uliogandamana kwenye meno mengine. Mwanvua akanunua mswaki laini, akasugua kila siku. Wiki chache zikapita, ufizi ukakaza, damu ikakoma. Sasa anatafuna karanga bila kushika shavu.

Juzi Djamila, jirani wa upande wa pili, alivimba shavu. Akaanza kumtaja wifi yake: ndiye aliyemtumia mdudu, hakuna mwingine.

Mwanvua akamkata kauli.

"Wifi yako humupendi. Hiyo iko mambo ingine, mama. Jino peleka hospitali."