Alama za Fizikia

Mvua ya ghafla ilipoliangukia soko la Bukoba mwaka 1956, Penina, mwalimu wa watoto wadogo Kashai, alikimbilia baraza ya duka la Mustapha. Gauni lake la maua ya buluu lilikuwa limeloa chapachapa. Kijana mmoja wa kaptura nyeupe ya shule alisogea kumpisha, lakini macho yake yalibaki darini.

"Unatafuta nini huko juu?" Penina akamuuliza.

"Natazama hizi boriti. Zimebebeshwa kupita kiasi."

"Basi toka wewe, mimi ni mzito."

Kijana alicheka, akatoka kweli, akalowa. Penina akampenda papo hapo.

Jina lake lilikuwa Buberwa, mwana wa mkulima wa kahawa wa Kimwani, na alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa Cambridge. Alitaka kuwa injinia wa madaraja. Kila Jumamosi walitembea ufukweni wakitafuna senene wa kukaanga, naye akimweleza jinsi chuma kinavyotanuka juani. Penina alimwambia hajawahi kutongozwa kwa chuma.

Matokeo yalipotoka, mji mzima ulivuma kwamba Buberwa amefaulu, amekwenda Nairobi. Hakuja kuaga. Penina alisema moyoni kwamba usomi umemlevya, akalikunja gauni la buluu akalitia sandukuni.

Siku moja Klaudia, mwalimu mwenzake, akataja kwamba amemwona Buberwa kanisani Kimwani. Shule zilipofungwa, Penina alipanda basi la Muleba, akashuka Kimwani.

Alimkuta kibanjani akipalilia migomba, suruali imekunjwa magotini. Buberwa aliinama kama aliyefumaniwa. Alimweleza kuwa cheti amepata, ila Fizikia ameipata kwa alama za chini, na chuo cha Nairobi hakichukui mwanafunzi wa uinjinia wa namna hiyo.

"Niliona haya kukutazama," alisema.

"Mimi je, uliniona kama msimamizi wa mtihani?" Penina alimjibu, machozi yakimlenga. "Ungeniambia tu, Buberwa. Ningelia nawe."

Aliomba msamaha kwa Kiswahili, kisha kwa Kihaya, mpaka Penina akacheka.

Buberwa alipata kibarua na chumba cha kupanga mjini, akajiandikisha upya kwa mtihani. Jioni Penina alimsomea maswali, yeye akajibu huku akimenya ndizi za mama mwenye nyumba. Safari hii Fizikia ilipita vizuri, na Nairobi wakamwita.

Kabla ya safari, wazee wa Kimwani, pamoja na Buberwa, walifika Nyanga nyumbani kwa kina Penina kuposa, na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi. Mzee Rugambwa, baba yake Penina, aliwasikiliza, kisha akamgeukia binti yake.

"Anakwenda miaka mingi. Utamngoja?"

"Nitamngoja, tata."

Mzee alitikisa kichwa. "Sitaki mwanangu angoje mchumba. Angoje mumewe. Oaneni kwanza."

Buberwa alimwinamia mzee kwa heshima ya Kihaya. "Waitu, asante," alisema. Penina alikuwa ameshakwenda jikoni kuwapakulia wageni, akitabasamu peke yake mbele ya sufuria.