Skrini Ilisema Imepokelewa

Da-som aliingia ule ukumbi wa kompyuta mkabala na stesheni ya treni ya Daegu, Korea, kukwepa mvua tu, gauni lake la kijani limemganda miguuni. Watu tele, tambi zinanukia pilipili. Kiti kilibaki kimoja, na pembeni yake, balaa gani hili, kakaa Gyeol, kandambili miguuni, nywele timutimu.

Siku tisa hawajasemeshana.

"Som! Simu zangu hupokei. Nimekukosea nini, mpenzi?"

"Mpenzi wa nani? Nina nusu saa nipande treni. Niache."

"Niambie kosa, kisha uende."

Katika mchezo wa mtandaoni waliokuwa wakicheza pamoja, kila mmoja alikuwa na nyumba yake na kompyuta ndani yake anayoiandikia programu mwenyewe, na walipatana: simu ni ya utani, maneno mazito yapite huko. Na Da-som alipeleka zito kuliko yote. Mara tatu!

"Nilikutumia ujumbe, ukausoma, ukanyamaza. Kama hunitaki, sema hunitaki!"

"Sijaona kitu, haki tena."

"Mwongo! Skrini iliniandikia 'Imepokelewa'."

"Mbona siku kumi nzima sikuwepo kwenye ile nyumba? Nipo bondeni, humo humo mchezoni, nakujengea bustani kimyakimya. Na kompyuta za mchezo huu mwenyewe akiwa mbali zinalala. Iliyolala inapokeaje? Hebu nione programu yako."

Da-som aliifungua, mkono ukimuwasha kumzaba kibao. Mstari wa sita: tuma. Mstari wa saba: andika 'Imepokelewa'. Basi! Hakuna kusubiri jibu, hakuna kuuliza kama umefika. Na mstari ule aliuandika yeye mwenyewe, fundi wa programu anayelipwa kukagua kazi za wenzake. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Ole wangu. Siku tisa nimelia bure."

"Ulisemaje huo ujumbe?"

Kuandika ni rahisi, kutamka ndiyo kazi. Kumpeleka mwanamume kwa mama Chuseok, sikukuu ya mavuno, si matembezi. Mtaa mzima unajua maana yake: ndoa. Zilibaki dakika kumi na mbili.

"Twende kwa mama, Chuseok hii. Akuone."

"Leo?"

"Leo. Na tiketi za kukaa zimekwisha, utasimama."

Gyeol alitazama kandambili zake. Da-som akanyanyua mkoba, akageukia mlango.

"Ngoja basi, nawaza! Mama anapenda zawadi gani, pea au nyama?"

Kicheko na machozi vilimtoka Da-som pamoja.

"Anapenda mkwe anayejibu, mshenzi wewe!"