Breka Iliyoandikwa Lazaro

Nilizifunga zile breka za umeme siku ya Jumanne, mahindi ya Endabash yakiwa yanakaribia kuvunwa. Mama Brigita, jirani yangu, alinipa chai ya maziwa. Binti yake Germana alinishikia tochi huku nimeingiza kichwa kwenye kasha la umeme. Kifua kilimsumbua tangu utotoni. Kila akicheka alikohoa, na bado alicheka.

Aliyeniagiza ni Lazaro, mtoto wa mke wa kwanza wa marehemu mume wa Brigita. Yeye aliishi Karatu mjini na kazi yake ilikuwa kupeleka watalii kreta kuona wanyama. Nyumba ile ya baba yake, alimokaa Brigita, aliitaka iwe loji, na kila mtu Endabash alijua.

"Ni za usalama tu, Patrisi," aliniambia. "Niiangalie nyumba ya mzee nikiwa mbali."

Nikajifanya nimeamini. Breka hizo unazima na kuwasha kwa simu popote ulipo. Ukizizima kwa simu, hata mtu aliye nyumbani akizipandisha kwa kidole zinashuka tena.

Wiki ya tatu umeme ukaanza kumkatikia Brigita peke yake, majirani wote tunao. Lazaro hakuficha. Alisema mama akihama atawasha.

Kisha Germana akarudi kutoka hospitali na mashine ya oksijeni. Alhamisi moja, saa tisa na dakika kumi alasiri, nikiwa kazini Karatu, Brigita alinipigia. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Patrisi, mtoto anapumua kwa mashine. Washa."

Nikampigia Lazaro. Hakupokea. Nikapiga tena, mara sita. Ndipo nikapanda pikipiki nikaunge waya kwa mkono. Nilimkuta Germana amelala ubavu, kidole chake kikiwa bado kwenye swichi ya mashine.

Kwetu Wairaqw, aliyeonewa anaweza kushtaki mbele ya jua. Tunaita lo'o, na hata sisi tusiokosa misa hatuichezei. Siku moja baada ya maziko, saa sita mchana, Brigita alisimama uani, akavua kitambaa cha kichwa.

"Aliyezima kwa mbali," alisema polepole, "azimwe kwa mbali."

Kisha akaenda kuosha vyombo.

Siku tatu baadaye Lazaro aliniita kwake. Alikuwa amekonda. Alinionyesha programu ya breka kwenye simu yake: Sebule. Jiko. Chumba cha Germana. Chini yake kulikuwa na breka ya nne ambayo sikuifunga mimi.

Iliandikwa Lazaro.

Nikaifuta. Ikarudi. Nikazima simu, nikaiwasha. Ipo.

Saa tisa na dakika kumi mstari ule uligeuka mwekundu. Lazaro akashika kola ya shati. Mdomo wazi. Hakuna sauti. Nilimtikisa, nikampiga mgongoni, nikafungua madirisha. Dakika tatu nzima. Mstari ukawa kijani, akavuta pumzi kama mtu aliyetolewa kisimani.

"Juzi ilikuwa dakika moja," alinong'ona. "Jana mbili. Nani anaizima?"

Programu huandika jina la anayezima. Nikasoma, nikamgeuzia simu asome mwenyewe.

Germana.

Wazee walisema dawa ni moja. Aliyeshtaki ndiye anayeondoa, na mkosaji aje kwa miguu yake, wote wawili wanawe mikono kwa maji ya kibuyu kimoja. Mtu mwenye akili angeondoka saa ile ile. Lazaro alikuwa na wageni kreta. Akapiga simu ya video kwangu, nami nikampelekea Brigita.

"Mama, nisamehe," alisema. Nyuma yake watalii walikuwa wanapiga picha.

"Njoo," alisema Brigita.

"Nikimaliza na wageni, mama."

Brigita akanirudishia simu.

Alikuja siku ya saba tangu Brigita ashtaki. Brigita alitoa kibuyu na vigoda viwili uani, tukangoja. Saa tisa na dakika tano tuliona vumbi la gari lake. Likakata kona ya shamba la ngano. Likasimama.

Honi ikalia. Ndefu. Haikukatika.

Nilikimbia. Lazaro alikuwa ameegemea usukani, macho wazi, mkono kwenye kola. Injini ilikuwa inanguruma vizuri tu. Niliporudi, maji yalikuwa yamemwagwa chini.

"Nilimngoja," alisema Brigita huku akilia. "Kweli nilimngoja."

Kuna jambo sikumwambia, wala sijamwambia mtu. Fundi anayefunga breka hizi hubaki na ruhusa zote kwenye simu yake. Ile Alhamisi ningeweza kuwasha kwa kidole kimoja, nikiwa palepale Karatu. Sikuwasha. Lazaro alikuwa ameniahidi kazi yote ya umeme ya loji, nikaogopa kumuudhi. Nikakaa nampigia simu kuomba ruhusa, na mtoto anakata roho. Naona aibu hata kuiandika.

Jana nilifungua programu niifute kabisa. Jina la Lazaro lilikuwa la kijivu. Chini yake palikuwa na mstari mpya, wa kijani.

Patrisi.

Saa tisa na dakika kumi ukawa mwekundu. Dakika moja. Niliihesabu nikiwa sakafuni, mashavu yamelowa.

Leo sasa ni saa tisa kasorobo. Kutoka dirishani naona uani kwa Brigita. Sijamwambia kitu, lakini ametoa kibuyu. Ameweka vigoda viwili. Amekaa kwenye kimoja, ameelekea mlango wangu.

Ni hatua hamsini tu.

Bado sijainuka.