Mdomo wa Syauswa na Sauti Yake

Kila asubuhi Kaswera anauza sombe, majani ya muhogo, kando ya barabara, mtaani Bulengera, mjini Butembo. Zamani sombe alilima mwenyewe, huko Luofu. Vita vilimfukuza pamoja na mume wake Syauswa na mtoto wao Edmond. Sasa Edmond anapiga video za harusi.

Syauswa alifia Bulengera. Kabla ya kufa, alisema maneno yake ya mwisho chumbani, penye giza kidogo. Edmond aliyachukua kwa video ya simu. Syauswa alisema shamba la Luofu libaki kwa Kaswera.

Siku ya kumaliza kilio, ukoo ulikaa kuangalia video. Edmond alikuwa ameunganisha maneno ya baba na picha za maziko, alizopiga kwa kamera yake. Mwanzo ulikuwa mzuri. Halafu picha ikaanza kutangulia sauti. Syauswa alipofika kwenye habari ya shamba, mdomo ulikuwa umefungwa, na sauti bado inasema. Hata wabeba sanduku walitembea kwa kushtukashtuka.

Stanislas, kaka wa marehemu na mkubwa wa ukoo, alisimama.

"Mudomo ni ya ndugu yangu," alisema. "Sauti, sijue ilitokea wapi. Muko naweka maneno mu kinywa ya mufu."

Akaamua shamba lirudi kwa ukoo. Lisemwalo lipo, majirani wakanong'ona. Kaswera aliacha kula. Kumpoteza mume ni uchungu. Kuitwa mwongo juu ya kaburi lake ni uchungu mwingine.

Edmond alivuta sauti mbele. Mwisho ukapatana, mwanzo ukaharibika. Akakata vipande, na video ikazidi kuonekana ya uongo. Alikata tamaa. Alitaka kufuta yote.

Wakati huo Jeannine, anayetengeneza video kwenye televisheni moja ya Beni, alikuja Butembo kwa kazi. Edmond alimweleza shida. Jeannine aliomba kwanza video ya simu yenyewe, ile isiyoguswa. Edmond alidhani nayo ni mbovu, hakuwahi kuifungua tena. Waliifungua. Mdomo na sauti vilikwenda pamoja. Kaswera, aliyekaa nao, akalia.

"Video ni picha mingi zenye kufuatana," Jeannine alisema. "Simu inapiga makumi tatu kila seconde. Lakini mu giza inapunguza. Ordinateur, kompyuta yako, inazani ni makumi tatu kila mara, ndiyo maana inakimbiza picha. Sauti hapana kukimbia."

"Na maziko?" Edmond aliuliza.

"Kamera yako inapiga makumi mbili na tano. Ukiweka picha zake mu kazi yenye kupangwa kwa makumi tatu, ordinateur inarudilia picha zingine. Ndiyo ile kushtuka."

Basi, kabla ya kukata chochote, waliigeuza video ya simu iwe na picha thelathini sawasawa kila sekunde. Maziko wakayaweka peke yake, katika kazi iliyopangwa kwa picha ishirini na tano kila sekunde. Jeannine alimwonya Edmond asivute tena sauti kwa mkono, wala asifute kamwe video ya kwanza.

Stanislas aliangalia video mpya, akaomba kuangalia tena.

"Ni yee," alisema. "Unisamehe, shemeki. Shamba ni yako. Barabara ya Luofu ikifunguka, utalima."

Barabara hiyo, iliyofungwa na vita, haijafunguka. Kaswera bado anauza sombe iliyolimwa na wengine. Siku ya Mungu, akitoka misa, anamwomba Edmond aweke video. Kwa sasa, Luofu anaisikia kinywani mwa Syauswa tu.