Tiketi ya Kuku

Mume wangu ni fundi viatu. Mkono wake hauna mpinzani mtaani kwetu, na mdomo wake vilevile. Asubuhi hiyo alikuwa kibandani, kalamu mkononi, akijaza fomu ya kodi ya mwaka. Mimi nilikuwa napaka soli gundi.

Fomu hiyo haikuwa ya mchezo. Shule ya jirani ilitaka fundi wa kushona viatu vya wanafunzi, jozi mia mbili. Mwalimu mkuu alitupa neno: bila cheti cha kodi, hakuna kazi. Mwisho ulikuwa Ijumaa.

"Mapato ya kazi, tayari," alisema mume wangu. "Mapato mengine... hakuna."

Nikaweka brashi chini. "Hakuna? Na bahati nasibu je?"

Mwaka huo alikuwa ameshinda pesa nzuri. Ndizo zilizonunua mashine yetu ya kushonea soli.

"Ile si mapato, mama watoto. Ni zawadi." Akatoa barua ya kampuni. "Soma mwenyewe. 'Hongera, umejishindia zawadi.' Zawadi hailipiwi kodi."

"Nani kakwambia?"

"Akili yangu."

Loo! Mume wangu akishika lake, hata kwa koleo humng'oi. Nikaenda kumwita Mama Risiti.

Mama Risiti ni jirani yetu. Alifanya kazi ofisi ya kodi hadi akastaafu. Tunamwita hivyo kwa sababu hata akinunua kiberiti hudai risiti. Alikuja, akavaa miwani, akaisoma fomu.

"Fundi, hapa umekosea."

"Sijakosea, Mama. Shangazi akinipa kuku, nalipa kodi?"

"Kwani shangazi alikuuzia tiketi ya kuku?"

Nilicheka hadi gundi ikamwagika. Mume wangu hakucheka.

"Kampuni inaita zawadi ili tiketi zinunuliwe," Mama Risiti alisema. "Sheria haiangalii jina. Hapa kwetu, pesa ya kamari au bahati nasibu ni mapato. Inaandikwa kwenye fomu."

"Lakini nasikia kampuni hukata kodi kabisa kabla ya kukulipa."

"Huenda. Kila nchi ina sheria yake. Ndiyo maana jambo hili haliulizwi kijiweni, linaulizwa ofisini. Barua yako inaonyesha wamekata?"

Mume wangu aliigeuza mbele na nyuma. Haikuonyesha.

"Na tiketi zote zilizonila kabla ya kushinda?"

"Kuna sheria zinazokubali zipunguzwe, nyingine hazitaki hata kuzisikia. Unazo?"

"Nilizichana kwa hasira."

"Basi tuziache zipumzike."

Mume wangu akaitazama mashine. Sauti ilishuka. "Mama, pesa yenyewe imeisha. Nikidaiwa kodi, si nitaiuza hii? Na nikiiuza, jozi mia mbili nitazishona kwa meno? Tunyamaze tu. Nani atajua?"

"Kampuni ina orodha ya washindi. Na hapa chini unaweka sahihi kwamba umesema kweli. Wakikugundua, utalipa kodi na faini juu yake. Ukienda mwenyewe, unaweza kuomba ulipe kidogo kidogo."

Niliogopa, sisemi uongo. Lakini kuweka sahihi kwenye uongo kuliniogopesha zaidi.

"Kesho tunakwenda," nikasema. "Sote wawili."

Mume wangu aliishika tena kalamu. Kisha akalikata neno "hakuna" kwa mstari mmoja. "Niombee fomu safi, Mama Risiti. Naandika yote."

Kesho yake tulisimama mbele ya ofisa. Mume wangu alimweleza kila kitu bila kupinda. Ofisa alipiga hesabu, akakubali tulipe kwa miezi sita. Alisema cheti kitatolewa tukishalipa fungu la kwanza.

Fungu hilo lilitoka kwenye akiba yangu ya kitanda kipya. Iliniuma! Nilihesabu noti mara mbili, nikazisukuma dirishani kabla sijabadili mawazo.

Ijumaa mwalimu mkuu alikisoma cheti, akatukabidhi orodha ya saizi za miguu. Tulishona kutwa, siku baada ya siku, mashine ikinguruma, vidole vikituwaka moto. Malipo ya shule yalipoingia, tulimaliza deni la kodi miezi miwili kabla ya wakati.

Siku hiyo ya malipo ya mwisho, mtu mmoja kwenye foleni ya ofisi ya kodi alimwinamia mume wangu. "Ndugu yangu," alinong'ona, "nami nilishinda. Nikinyamaza itakuwaje?"

Mume wangu akaikunja risiti, akaitia mfukoni. Akamshika yule mtu mkono.

"Utakuwa unaruka kila mlango ukibishwa," alimwambia. "Fomu ziko dirisha la tatu. Twende, nitasimama nawe."